Chuma na Kuchuma

Kwenye simu yangu nina kamusi ndogo. Programu ni ya kuandika noti tu: kila neno lina ukurasa wake, na kurasa zinaunganishwa. Nilienda vizuri hadi nikafika "nyanya". Programu ikakataa kurasa mbili zenye jina moja. Sasa nyanya aliyenilea Kishushe akae ukurasa mmoja na nyanya za sokoni? Zii. Nikaandika "nyanya 1" na "nyanya 2".

Ndivyo kamusi zinavyofanya. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka 1981, hutenganisha kwa namba maneno yanayofanana sauti tu. Mguu wa mtu na mguu wa meza ni ndugu, hivyo wanakaa pamoja. Nyanya na nyanya ni majirani.

Kisha nikafika "chuma". Chuma 1, nomino: madini. Chuma 2, kitenzi: kuchuma maembe, na kutoka hapo kuchuma pesa. Rahisi, sindio?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani. Lori limepita limejaa mawe yenye chuma, vumbi likabaki kwetu. Nikauliza, "Nyanya, hiki chuma kinaenda wapi?" Akajibu bila kugeuka: "Chuma ni chetu, mjukuu wangu, lakini wanaochuma ni wengine."

Nilitaka kuihifadhi sentensi hiyo kama mfano. Lakini wapi? Chini ya chuma 1 au chuma 2?

Kuhusu asili ya maneno, kamusi iko sahihi. Mchezo wa maneno haubadilishi ukoo. Lakini kutenganisha pia ni kuamua msomaji akutane na nini. Ukurasa wangu wa chuma 1 ulikuwa safi: uzito, kutu, majembe. Ungeusoma mwanzo hadi mwisho bila kuulizwa ni nani anachuma. Pale Kishushe, ambapo madini yako chini ya malisho na mashamba ya watu, swali hilo haliepukiki.

Utasema kila mtu akiunganisha maneno kwa uchungu wake, kamusi itakuwa utando wa buibui. Kweli. Ndiyo maana sikufuta namba. Sentensi ya nyanya niliipa ukurasa wake, ukaunganishwa na zote mbili. Sikuuita "chuma 3", maana si maana ya tatu.

Niliuita "Kishushe".