Mahali Pazuri, kwa Nani?



Sisi wahandisi tukitumwa kutafuta mahali pa kujenga kituo cha data, yaani yale majengo makubwa ambamo kompyuta za intaneti hufanya kazi usiku na mchana, huwa tunakwenda na orodha ya maswali. Umeme upo wa kutosha, tena rahisi? Mkongo wa mawasiliano unapita karibu, na iko njia ya pili iwapo wa kwanza utakatika? Pana hatari ya mafuriko au tetemeko? Maji yapo? Kila jibu hupewa alama, na penye alama nyingi ndipo tunapopaita mahali pazuri. Kazi hii nimeifanya miaka mingi wala siidharau. Lakini sijapata kuona orodha inayouliza ni pazuri kwa nani.

Chukueni mji wa The Dalles, jimbo la Oregon huku Marekani, kando ya mto Columbia. Google ilifungua kituo chake hapo mwaka 2006. Kwa alama zetu ni mji wa kupigiwa mfano: bwawa la umeme liko mlangoni, na kiwanda cha aluminiamu kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo watu walihitaji kazi. Ila umeme huo rahisi una historia yake. Bwawa lilipojazwa maji Machi 1957, maporomoko ya Celilo yalizama kwa saa chache tu. Hapo wenyeji wa asili walikuwa wakivua samoni kwa maelfu ya miaka. Fidia walipewa; maporomoko hawakurudishiwa.

Kisha likaja suala la maji. Mwaka 2021 gazeti la The Oregonian liliomba kujua kituo kinatumia kiasi gani. Mji ukakataa, ukidai ni siri ya biashara, hata ukaenda mahakamani kuzuia hesabu zisitolewe. Shauri liliisha kwa mapatano Desemba 2022, na hesabu zikatoka: mwaka 2021 kituo kilitumia galoni milioni 355, kama lita bilioni 1.3. Hiyo ni zaidi ya robo ya maji yote ya mji.

Tuseme haki. Kutumia maji si dhambi. Maji yanapovukizwa huondoa joto kwa umeme kidogo. Ukiyaacha ukapoza kwa mashine, umeme unapanda, na kama unatokana na gesi basi mzigo umeuhamishia kwa jirani mwingine asiyekujua. Tena kampuni ilikubali mwaka 2021 kugharamia upanuzi wa mitambo ya maji ya mji. Kinachonisumbua ni ile siri. Wanasema mshindani asijue. Mshindani mwenye mhandisi hodari atatazama ukubwa wa mitambo ya kupozea na akakisia vizuri tu. Anayebaki gizani ni mkulima wa cheri na mama anayelipa bili ya maji. Mtu aliyefichwa bei hawezi kuambiwa kwamba alikubali kununua.

Nayasema haya kwa sababu Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa kujenga kituo cha data Olkaria, Kenya, kitumie umeme wa jotoardhi. Wengi wetu ughaibuni tulishangilia, na kwa orodha yangu Olkaria inapata alama nzuri sana: mvuke haungoji jua wala upepo. Lakini ni Olkaria hiyo hiyo ambako familia za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 kupisha mitambo ya umeme huo, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia.

Ndugu wa nyumbani wakiniuliza, kwa Olkaria au kwingineko, nawaambia waombe karatasi mbili kabla ya saini yoyote: moja ya maji kwa lita, moja ya umeme kwa megawati, mwezi kwa mwezi. Na zibandikwe ofisini kwa chifu, kwa lugha inayosomwa na watu wa hapo.