Fedha Zimepokewa, Nyumba Haijatengenezwa
(2 Wafalme 12:4-15)



Mwezi huu twataka kuwaongoza katika sura isiyosomwa mara nyingi katika ibada zetu. Mfalme Yoashi aliagiza kwamba fedha zinazoletwa katika nyumba ya Bwana zipokewe na makuhani, nao wazitumie kutengeneza mahali palipobomoka. Agizo lilikuwa jema. Watu wakatoa, makuhani wakapokea. Lakini ulipofika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, mabomoko yalikuwa yangali pale pale. Ndipo mfalme akamwita Yehoyada na makuhani wenzake, akawauliza sababu.

Angalieni, ndugu, jinsi swali lake lilivyo. Hakuanza kwa kuuliza kwamba fedha ni kiasi gani. Aliuliza kwa nini nyumba haijatengenezwa. Mtu aweza kuonyesha daftari iliyojumlishwa vizuri, wala pasipungue hata senti moja, na huku mvua ingali yaingia kwa paa. Tena Maandiko hayasemi hata mara moja kwamba makuhani wale waliiba. Yasema tu kwamba kazi haikufanyika. Wasomaji wengi hupita hapo upesi na kuwaita wezi. Lakini neno hilo halimo katika Kitabu, wala haitupasi kulitia sisi.

Twaandika haya kwa sababu ya barua tuliyoipokea. Mtu mmoja aliyebatizwa na kupewa kipaimara katika usharika wetu, ambaye sasa ni raia wa Marekani, hufanya kazi huko katika ofisi mojawapo ya Wakaguzi Wakuu wa serikali. Ofisi hizo ziliimarishwa kwa sheria iliyotiwa sahihi na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Sheria ile iliweka ofisi 12, na leo zimezidi 70. Kila mkaguzi mkuu hukaa ndani ya wizara au idara anayoiangalia, naye hupeleka habari kwa mkuu wa wizara na kwa Bunge pia, mara mbili kila mwaka. Ndugu yetu huyu huitwa mchambuzi-msimamizi wa mipango, maana yake chini yake wako wachunguzi kadhaa, na kila wanachokiandika hupita mikononi mwake kabla hakijapanda juu. Kazi yao ni ile ya Yoashi. Bunge limetoa fedha ili wagonjwa fulani watunzwe, au maskini fulani wapate nyumba. Je, walitunzwa? Je, nyumba walizipata? Nao huenda kusoma majalada, kuwahoji maofisa, na kuona kwa macho.

Labda mtu atasema, Kazi hiyo ni ya kupeleleza makosa ya wenzake, Mkristo yampasaje? Ndivyo mwinjilisti mmoja mzee alivyotuuliza tulipomsomea barua, akatukumbusha amri ya nane, kwamba tusimshuhudie jirani yetu uongo, na tena jinsi Katekisimu Ndogo inavyotufundisha kumtetea jirani na kumnenea mema. Neno lake ni zito, wala hatulipuuzi. Lakini Martin Luther, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alipoifafanua amri hiyohiyo, alitofautisha kujua dhambi ya mtu na kuihukumu. Mtu asiyepewa kazi ya kuhukumu, hata akijua, na anyamaze, asiitangaze njiani. Bali aliyewekwa, kama mtawala, mhubiri, au baba na mama nyumbani, hana ruhusa ya kunyamaza, kwa kuwa Mungu amemtia mkononi kazi hiyo kwa faida ya wengine. Basi maneno yaleyale yaliyo masengenyo kisimani huweza kuwa utii mezani pa mtu wa kazi.

Lakini kuwekwa peke yake hakumtakasi mtu. Mtawala naye aweza kusengenya, na pengine kwa mhuri. Ndiyo sababu tulimwuliza ndugu yetu kazi yao yaendeshwaje, naye akatueleza mambo ambayo kwa kweli yalitufundisha amri ya nane upya.

Kwanza alitueleza juu ya kitabu cha kanuni za ukaguzi kilichotolewa kwanza mwaka 1972 na ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao, kiitwacho Kitabu cha Manjano. Kanuni hizo huwaongoza watafute mambo manne kabla ya kusema kwamba wameona kasoro: ni nini kilichopasa kuwa, ni nini kilichopo, ni kwa sababu gani, na limetokea nini kwa ajili yake. Ndugu zangu, pimeni mazungumzo yetu kwa kipimo hiki! Sisi hufurahia lile la pili tu. Twasema, Mwalimu fulani hafundishi Jumatano. Basi, tumemaliza, twaondoka. Hatuulizi kama aliagizwa kufundisha Jumatano, wala hatuulizi kwa nini hafundishi, labda mkewe ni mgonjwa, labda ufunguo wa kanisa hukaa kwa mzee asiyefungua. Asiyetafuta sababu hajamaliza kuchunguza. Yoashi alipouliza sababu, dawa ilipatikana upesi, nayo haikuwa ya kumfunga mtu: makuhani walikubali wasipokee tena fedha wala wasishughulike na matengenezo, na Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Sanduku lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakahesabu, na fedha zikaenda kwa mafundi. Utaratibu ndio uliokuwa mbovu. Ulipobadilishwa, nyumba ikatengenezwa.

Tena alisema kwamba andiko lao huchunguzwa sentensi kwa sentensi na mtu ambaye hakuwamo katika kazi hiyo. Na kila neno lisilo na ushahidi hufutwa, hata likiwa la kweli. Kisha andiko hupelekwa kwa wale wanaoandikwa, wasome na kujibu, na jibu lao huchapwa ndani ya kitabu kilekile mbele ya macho ya watu wote. Tulikumbuka swali la Nikodemo katika Yohana 7, kama torati humhukumu mtu kabla ya kumsikia kwanza. Na neno la mwisho: hawana amri ya kumwondoa ofisa wala ya kufunga ofisi yake. Sheria yawakataza hata kupewa kazi ya kuuendesha mpango wanaouchunguza, wasije wakajichunguza wenyewe. Wao hushauri tu. Ni mlinzi wa Ezekieli 33, mwenye baragumu pasipo upanga.

Sasa twaja kwenye taabu yake. Wachunguzi wake walitumwa kuangalia mpango mmoja wa kuwatembelea wazee wasiojiweza majumbani mwao. Binti mmoja, aliye mdogo kuliko wote katika kazi, aliona karatasi zenye sahihi za kwamba wazee fulani walitembelewa, naye alipowafuata wazee wenyewe, hakuna aliyekuwa amefika. Akaandika, Hawakutembelewa. Andiko lilipokwisha kwenda na kurudi, mkuu wake ndugu yetu alimwita, akamwambia kwa upole kwamba neno hilo ni kali, afadhali iandikwe kwamba kutembelewa kwao kulicheleweshwa. Neno moja tu. Ndugu yetu akatuandikia, Baba Mchungaji, nikilibadili neno moja, nimetenda dhambi? Nami nina watoto shuleni.

Hatukumjibu upesi. Kwa kweli tuliona haya, maana sisi wachungaji twaijua sana kazi ya kulainisha. Ni mara ngapi tumeandika katika taarifa ya mwaka kwamba hali ya kiroho yaendelea vizuri, huku mabenchi ya nyuma yana vumbi? Hakuna aliyetulazimisha. Tulipenda tu kusifiwa kwenye mkutano.

Basi tulimjibu hivi. Kabla hujashindana na mkuu wako, shindana na andiko lako. Rudi kwa binti yule, mkae pamoja, mfungue karatasi moja moja, kana kwamba ninyi ndio mnaoshtakiwa. Kwa maana yawezekana mkuu asema kwa hofu, lakini yawezekana pia ameona jambo. Na mkiisha kuona kwamba neno ni kweli, liacheni. Kuandika kwamba kulicheleweshwa ni kumshuhudia uongo yule mzee aliyekaa mlangoni akingoja. Naye pia ni jirani yako, ijapokuwa hana mtu wa kumwandikia jibu. Twaona wengi huisoma amri ya nane kana kwamba jirani ni mmoja tu, yaani yule mwenye cheo.

Akafanya hivyo. Walikuta nyumba moja ambayo mtu alikuwa amekwenda kweli, na karatasi yake ilikuwa imetiwa katika jalada jingine. Wakaifuta nyumba hiyo katika hesabu, na binti yule akalia kwa aibu. Ndugu yetu akamwambia kwamba kosa ni lake yeye msimamizi, aliyepitisha bila kuona. Akaliandika hivyo kwa mkuu. Nyumba nyingine zilibaki, na neno lilibaki. Mkuu hakukubali, wala hakukataa. Aliliweka andiko mezani pake.

Wako watakaosema kwamba hofu yake ni ya bure, kwa kuwa huko kuna sheria. Lakini tarehe 24 Januari 2025 Wakaguzi Wakuu wapatao 17 wa nchi ile waliondolewa na Rais kwa siku moja, bila Bunge kupewa taarifa ya siku 30 ambayo sheria yaidai. Na mwezi wa Septemba mwaka uleule hakimu mmoja katika Washington alisema kwamba sheria ilivunjwa, lakini hakuwarudisha kazini. Hatuandiki haya ili kuingia katika siasa za watu. Twataka mjue tu kwamba ndugu yenu haogopi kivuli. Danieli naye alikuwa mmoja wa wakubwa watatu waliopokea hesabu za maliwali 120, mfalme asipate hasara, nasi twajua maliwali walimfikisha wapi. Walitafuta kosa katika kazi yake wasilione.

Tukirudi kwetu: wako wazee wa kanisa wanaoutegemea mstari wa 15 wa sura hii, usemao kwamba mafundi hawakutakiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Mstari huu tumeusikia kwenye mabaraza zaidi ya mara moja, na daima kutoka kwa mwenye ufunguo wa sanduku! Lakini mstari wa 10 umetangulia: fedha zilikwisha kuhesabiwa na watu wawili, mmoja wa mfalme, mmoja wa hekalu, kabla fundi hajagusa kitu. Na Paulo, mtume mwenyewe, hakukubali kuchukua changizo la Yerusalemu peke yake; alitaka wenzake wafuatane naye, mtu asipate kumlaumu (2 Wakorintho 8:20-21). Katika usharika wetu daftari ya bati za nyumba ya mwinjilisti haijasomwa mbele ya watu tangu Pasaka ya mwaka jana. Bati zilinunuliwa, nyumba yavuja. Kosa hili ni letu, maana sisi ndio tuliosema, Iahirishwe. Itasomwa Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya ibada, nasi tumewaomba wazee wawili wa usharika jirani waje kuihesabu, nao watakwenda kuitazama paa yenyewe.

Ndugu yetu ameomba jina lake lisitajwe. Andiko lile lingali mezani pa mkuu wake, na binti yule amepewa mpango mwingine wa kuchunguza. Yeye ameomba tumkumbuke katika sala za jioni, pamoja na wazee wale.