Mgeni wa Siku Mbili

Ratiba niliiandika nyumbani Unguja, katika ukurasa mmoja wa daftari: asubuhi kahawa Mbinga, mchana samaki Mbamba Bay, jioni kuoga Ziwa Nyasa, alfajiri ya pili safari ya kurudi. Niliiona ratiba njema. Hivyo ndivyo wageni wanavyoupita mji wetu: usiku urojo na mishikaki Forodhani, asubuhi Hamamni, kwenye hamamu ya enzi ya Sultani Barghash (alitawala 1870 hadi 1888), ambamo siku hizi haogi mtu. Hulipa kiingilio, huyatazama mabirika makavu, huenda zao.

Tangu utoto naisikia methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ikisemwa kama onyo kwa mgeni mvivu. Umatengo niliisikia upya. Mwenyeji wangu, mkulima wa kahawa, alininywesha chai (kahawa, alisema, ni ya kuuza), kisha akanionyesha ngoro zake kilimani: nyasi hulazwa miraba miraba, udongo wa katikati hufukuliwa na kuzifunikia, na shimo linalobaki hukamata maji ya mvua yasiuchukue mlima. Nikaomba jembe nijaribu. Akacheka. "Ndugu yangu, mchana unaondoka. Jembe la nini?"

Kumbe jembe si adhabu, ni cheo. Anayepewa jembe amehesabiwa miongoni mwa watu ambao wasipoonekana shambani wataulizwa walipo. Mimi nilikuwa nimepanga, kwa kalamu yangu mwenyewe, kuondoka kabla sijaulizwa.

Mbamba Bay, mama aliyeniuzia ugali wa muhogo na usipa hakuiafiki fikira hii. "Wewe lipa tu, baba. Wakija wengi kama wewe, watoto wanasoma." Naye ana haki. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na huyu apona kwa fedha. Kumtaka aniuzie samaki na kunipenda juu yake ni kiburi cha mwenye nauli. Hata hivyo fedha ina tabia moja: huifunga hesabu palepale. Nililipa, akahesabu, hakuna aliyemdai mwenziwe.

Jioni nikateremka ziwani na taulo langu begani. Ufukweni walikuwapo kina mama na vyombo vyao, nguo zao, watoto wao wenye povu kichwani. Hamamni mtu hulipa kutazama mahali watu walipokuwa wakioga. Mimi nilikuwa nimeingia bure katika bafu la watu, nao wamo. Hakuna aliyenikemea, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nikainamisha macho. Mtoto mmoja akaninyoshea kidole: wanaume, kule nyuma ya mawe.

Nyuma ya mawe nilimkuta mvuvi akijisugua. Akaniuliza natoka wapi, akaniona sina sabuni, akaukata mche wake vipande viwili kwa kisu cha samaki, akanipa kimoja. Tukaoga hadi giza. Alfajiri gari liliondoka mapema, na nilipofika kwenye kona za Mbinga nikakigusa kile kipande mfukoni, bado kibichi.