Anayehesabu Nyota Hajatusahau

Masomo ya kusoma nyumbani: Mwanzo 15:1-6, Zaburi 147:1-6, Waebrania 11:8-10

 

Katika maombi ya nyumba kwa nyumba, swali moja limetufikia mara nyingi. Watoto wetu wanarudi kutoka shuleni na madaftari yaliyoandikwa kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, na kwamba jua na dunia yetu vilitokana na wingu la gesi na vumbi. Wazazi wengine wameshtuka. Baba mmoja alimwambia kijana wake achague moja: Biblia au daftari. Kijana alinyamaza, na tangu siku ile haonekani kwaya wala ibadani. Jambo hili si dogo. Tumekwisha kupoteza nyumba, mashamba na mifugo. Tusipoteze na watoto kwa sababu ya swali ambalo tungeweza kukaa chini tukalizungumza.

Kwanza, tujue wanachofundishwa. Wataalamu wa nyota wanasema kwamba hapo zamani sana vitu vyote tunavyoviona angani vilikuwa vimesongamana pamoja katika joto kali lisilo na mfano. Kisha ulimwengu ukatanuka na kupoa. Baada ya muda mrefu gesi ikakusanyika, na nyota za kwanza zikawaka. Nyota hizo zikatengeneza vitu ambavyo havikuwepo mwanzoni, kama kaboni, oksijeni na chuma. Zilipofika mwisho wake nyingine zilipasuka na kuvitawanya vitu hivyo angani. Yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita, wingu moja la gesi na vumbi lilijikusanya kwa nguvu ya uzito wake. Katikati likawa jua. Mabaki yaliyolizunguka yakashikamana kidogo kidogo, yakawa sayari. Leo zinahesabiwa sayari nane: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptuni. Sisi tuliosoma zamani tulifundishwa tisa, lakini mwaka 2006 wataalamu waliitoa Pluto katika hesabu hiyo na kuiita sayari kibete.

Kwa hiyo, chuma cha jembe tunalolimia, na chuma kilichomo ndani ya damu yetu, vilitengenezwa na nyota kabla dunia haijakuwepo. Mwanzo 2:7 inatufundisha kwamba mtu alifanywa kwa mavumbi. Mwalimu wa sayansi hajayakataa mavumbi hayo. Ametuonyesha tu yametoka mbali kiasi gani.

Pili, tujue fundisho hili limetoka kwa nani. Wengi wetu hudhani lilitungwa na watu waliotaka kumfukuza Mungu. Sivyo. Aliyelieleza miongoni mwa wa kwanza ni padri Mbelgiji, Georges Lemaître, aliyezaliwa mwaka 1894. Alikuwa mwanafunzi vita vilipofika nchini kwake mwaka 1914, akaacha masomo akawa askari. Baada ya vita alirudi shuleni, na mwaka 1923 akapewa upadri. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1931 akasema kwamba tukirudi nyuma katika wakati, tutafika kwenye mwanzo mmoja mdogo sana ambao vyote vimetoka humo. Wasomi wengi hawakumkubali mara moja.

Uthibitisho mkubwa ulipatikana mwaka 1964 huko Marekani. Vijana wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa na antena kubwa iliyokuwa ikipokea mvumo usioisha. Walikagua mitambo. Wakakuta njiwa wamejenga ndani ya antena, wakawatoa na kusafisha kinyesi chao. Mvumo ukabaki vile vile, usiku na mchana, kila upande wa anga. Mwishowe ilieleweka kwamba ni mabaki ya joto la ule mwanzo wa ulimwengu, ambalo sasa limepoa sana. Habari hizo zilimfikia Padri Lemaître akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufa kwake mwaka 1966. Penzias na Wilson walipewa tuzo ya Nobeli mwaka 1978.

Wapendwa, tunataka watoto wetu walijue jambo hili: Arno Penzias alikuwa mkimbizi. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1933 katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1939, akiwa na miaka sita, alipandishwa treni pamoja na mdogo wake, wakapelekwa Uingereza ili wapone. Wazazi wao walifanikiwa kutoka baadaye, na familia ikaanza maisha upya Marekani bila mali. Mtoto aliyekimbizwa ndiye aliyekuja kusikia masalio ya mwanzo wa ulimwengu. Anayemnyang'anya mtoto wetu daftari hajui anamnyang'anya nini.

Tatu, tusichanganye mambo. Mwaka 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili alizungumza kana kwamba sayansi hii inathibitisha uumbaji wa Mungu. Padri Lemaître mwenyewe hakufurahi. Alijua kwamba hesabu za wanasayansi zaweza kurekebishwa kesho, na imani haipaswi kuegemea ukuta unaoweza kuhamishwa. Zamani zaidi, hapa hapa Afrika, Askofu Augustino wa Hippo aliwaonya Wakristo wasiseme mambo ya ovyo kuhusu nyota na mbingu mbele ya watu wanaozifahamu, wasije wakaifanya Injili kuwa kichekesho. Miongoni mwetu wapo wanaozishika siku sita za Mwanzo kama siku za saa ishirini na nne, na wapo wanaozielewa kwa namna nyingine. Tutaendelea kushiriki meza moja ya Bwana. Lililo la lazima ni kwamba mbingu na nchi zina Mwenyewe.

Lakini tunajua kwamba chini ya swali la umri wa dunia kuna swali lingine, ambalo mama zetu huliuliza usiku wakati watoto wamelala. Kama ulimwengu ni mkubwa hivyo, Mungu anatuona? Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka kwenye jua hutufikia kwa dakika nane na zaidi kidogo. Kutoka kwenye Kilimia, nyota ambazo wazee wetu walizitazama ili wajue majira ya kulima na ambazo Ayubu pia anazitaja, mwanga tunaouona usiku huu uliondoka zaidi ya miaka 400 iliyopita. Na katika kundi letu la nyota peke yake kuna nyota zaidi ya bilioni 100. Mbele ya hayo yote, turubai moja kilimani ni nini?

Fungueni Zaburi 147, msome mstari wa pili hadi wa nne, na mwangalie mpangilio wake. Kwanza anatajwa Mungu akiwarudisha pamoja watu wake waliotawanywa. Halafu anafunga vidonda vya wenye mioyo iliyovunjika. Halafu, bila kupumzika, anahesabu nyota na kuiita kila moja kwa jina lake. Mwandishi hakuona kazi hizi kuwa mbalimbali. Mkono unaoshika nyota ndio unaofunga kidonda.

Sisi tunakujua kuhesabiwa. Tumepanga foleni tangu alfajiri tuhakikiwe, tumeweka vidole kwenye mashine, tumepewa namba ya kadi na idadi ya watu wa nyumba. Hesabu hiyo inatusaidia kupata chakula, na tunawashukuru wanaoifanya. Lakini karani anahesabu vichwa, kisha anafunga daftari. Mungu anahesabu na kutaja jina. Wale tuliowazika njiani, ambao hawamo kwenye kadi yoyote, kwake wamo.

Ibrahimu naye alikuwa mgeni, mbali na nchi ya baba zake. Mungu alimtoa nje ya hema usiku akamwonyesha nyota, wakati hana mtoto wala shamba. Tusidanganyane: Ibrahimu alikufa akiwa bado mgeni, na ardhi aliyoinunua ilikuwa ya kumzikia Sara. Hatuwaahidi tarehe ya kurudi nyumbani, kwa sababu hatukupewa. Tunawaambia tu kwamba aliyemwahidi hakumwacha, na ahadi ilifika wakati yeye hayupo tena kuiona, kama mwanga wa Kilimia unavyotufikia sisi.

Basi tunawaomba wazazi mambo mawili. Wiki hii, usiku mmoja usio na mawingu, tokeni nje na watoto wenu. Hapa kwetu taa ni chache, na anga linaonekana vizuri kuliko katika miji mikubwa. Waulizeni watoto walichojifunza, muwasikilize hadi mwisho, kisha muwasomee Zaburi ile. Na yule kijana wa kwaya, tunamwambia na baba yake pia: nafasi yake ipo, aje na daftari lake.

Tuombe: Ee Mungu Baba, uliyeziumba nyota na kutuumba sisi kwa mavumbi, walinde watoto wetu katika elimu na katika imani. Wakumbuke waliotawanyika. Funga vidonda vyetu. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.