Kulipwa kwa Anwani

Ukiuliza kwa nini mhandisi wa programu aliye Nairobi analipwa sehemu ndogo tu ya anachopata mwenzake wa San Francisco kwa kazi ileile, utaambiwa maisha Nairobi ni nafuu. Jibu lina sura ya haki. Tangu enzi za mchumi Gustav Cassel, mwaka 1918, wachumi wanalinganisha sarafu kwa kile zinachonunua. Sawa. Lakini nafuu hiyo iko wapi hasa?

Tumchukue kijana anayeandika programu katika chumba cha mabati, futi kumi kwa kumi, katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi. Maji ananunua kwa mtungi. Mtungi wa lita 20 ukiwa shilingi 5, lita 1,000 ni shilingi 250, na mifereji ikikauka bei inaruka. Mwenye bomba la kampuni ya maji nyumbani halipi hivyo. Unga ni wa kupima, mafuta ya kupima, bando ni ya siku. Kwa kila lita na kila kilo, Mukuru ni ghali. Kinachoshusha matumizi yake ni yale anayoyakosa: choo cha ndani, bima, dirisha la pili. Majedwali ya gharama za maisha yanahesabu kukosa kama nafuu.

Laptopu nayo haijui mtaa. Inauzwa kwa bei ya dunia, na VAT juu. Seva zinalipiwa kwa dola. Mapema 2024 dola ilipokaribia shilingi 160, bili yake ilipanda bila yeye kuongeza chochote. Vifaa vya kazi ananunua kama mtu wa San Francisco, ila anapolipwa anaangaliwa tumbo. Huko ni kumlipa mlaji, fundi akasahauliwa.

Leila Janah, mwanzilishi wa Samasource, iliyowapa vijana wa Nairobi kazi ya kutayarisha data za akili unde, aliiambia BBC mwaka 2018 kwamba kulipa zaidi mno kungevuruga soko la ajira la hapa, na pengine kupandisha bei za nyumba na chakula. Siidharau hoja hiyo. Mwenye ploti akinusa kwamba mpangaji amepata kazi ya dola, kodi haikai. Lakini ipeleke hoja hiyohiyo California. Kule mishahara ya wahandisi ilisaidia kupandisha kodi hadi wengine wakahama, na kodi hiyo ikawa sababu ya kuwaongeza wahandisi mshahara. Kwao kodi ikipanda mshahara unaifuata. Kwetu mshahara unazuiwa kodi isije ikapanda.

Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba mkataba wa OpenAI na Sama, jina jipya la Samasource, ulitaja dola 12.50 kwa saa, huku waliofanya kazi yenyewe wakipokea chini ya dola 2. Sama ilieleza kuwa kiasi hicho kiligharamia pia miundombinu na wasimamizi. Huenda. Ila tofauti hiyo haikushusha bei ya unga Mukuru.

Sasa kijana wetu akihamia mtaa ghali wa Kilimani, je, aongezwe? Kwa mantiki ya anwani, ndiyo. Na akiamua kubaki Mukuru, avumilie mabati ili wadogo zake wamalize shule, basi kule kujibana kwake, alikokusudia kuwe karo, kunakuwa hoja mezani kwa mwajiri ya kumpa kidogo.