Tembea Uone, Lakini Uombe

Wahenga walisema tembea uone. Sawa, lakini je, kila tukionacho ni halali yetu?

Mimi ni kijana wa Mombasa, kidato cha nne nimemaliza, kazi hakuna. Nikapata kibarua cha kuwaonyesha njia watalii wawili waliokodi gari la kulalia, vitanda na jiko humo humo. Tulikwenda mpaka Malindi, kilomita kama 120. Wakaipiga picha nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika pale 1498. Wakayapiga picha magofu ya Gedi, mji ulioachwa na wenyeji wake katika karne ya 17. Mawe hayakulalamika.

Tukirudi, pale Kilifi, mama muuza korosho alisogea dirishani. Kamera ikainuliwa. Mama akajifunika uso kwa leso. Kacha! Gari likaondoka. Nami kimya, nahesabu bakshishi yangu.

Usiku nilimlaani yule mtalii, kisha nikafungua daftari nikamwandika mama: vidole vyake, leso yake, hata aibu yake. Jina sikumwuliza. Korosho sikununua. Sasa ndugu msomaji, mimi na yule bwana tuna tofauti gani? Yeye kamera, mimi kalamu.

Utasema mwandishi asipoazima maisha ya watu ataandika nini? Kweli. Lakini mwazimaji huomba kwanza. Nitapanda matatu nirudi Kilifi, nimwamkie shikamoo, ninunue korosho, nimsomee. Akikataa, ukurasa ule nauchana. Mpaka siku hiyo, uso wake nauacha ndani ya leso.