Ukuta Unaomtunza Jirani

Wageni wanaoingia Mji wa Kale wa Mombasa hukimbilia kupiga picha milango ya nakshi. Wahenga walikwisha sema: nyumba njema si mlango. Busara ya nyumba hizi imo ukutani, darini, na katika wembamba wa kichochoro.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hukaribia nusu mita kwa unene. Joto la mchana huupenya polepole. Likifika ndani, usiku umeshaingia na madirisha yako wazi. Dari ilibebwa na boriti za mkoko, na kwa kuwa boriti haistahimili urefu unaozidi mita 3 hivi, chumba kilifanywa chembamba na kirefu. Fundi hakushindana na mti.

Ninaloliheshimu zaidi ni ujirani. Katika mitaa ya Kuze na Kibokoni, nyumba zilikaribiana hata kivuli cha ukuta wako kikawa cha mpita njia, na cha jirani wa upande wa pili. Baraza nayo ilijengwa kwa mawe papo hapo mlangoni, aliyechoka akae bila kuomba ruhusa. Ubaridi ulikuwa mali ya mtaa mzima. Kiyoyozi hufanya kinyume: humpoza mwenyewe, kikamtemea jirani hari.

Wachina nao walijua kuipoza nyumba bila mashine. Katika nyumba za kale za Huizhou, mkoani Anhui, uwazi mwembamba uliachwa katikati: hewa ya moto hupandia hapo, na maji ya mvua hukingwa chini. Ua wa ndani wa Mswahili hupumua vivyo hivyo.

Sisemi turudi kung'oa matumbawe baharini wala kufyeka mikoko. Hivyo ndivyo vinavyoikinga pwani yetu na mawimbi. Lakini kuta kongwe zilizobaki tusizipige plasta ya saruji. Chokaa hupitisha unyevu. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi, ukuta ukamong'onyoka taratibu huku kwa nje unang'aa.

Mpango wa hifadhi wa mwaka 1990 uliutazama Mji wa Kale kama mji, si kama nyumba mojamoja. Kwa roho hiyohiyo, anayetaka kibali cha kuongeza ghorofa na aulizwe, kabla ya kuulizwa habari ya ada: kusi ikivuma, aliye nyuma yako ataipata wapi?